Kodi za nyumba Mbeya zinafuata barabara, hazifuati mji

Swali lilikuwa refu nalifupisha. Dada mmoja muuguzi yuko Iringa, kapata uhamisho wa kuja Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, anakuja na mume na mtoto mmoja, wanataka vyumba viwili na sebule, choo ndani. Dalali kamtumia bei tatu kwa simu: Forest laki 2 na nusu kwa mwezi, Soweto laki na 80, Uyole laki na 20, zote miezi sita mbele. Anauliza ipi kati ya hizo ni bei ya haki, ni kweli kodi Mbeya zimepanda kila sehemu kama anavyoambiwa, na je achukue sasa au akae gesti mpaka mambo yatulie.

Kamwene dada. Nianze na hilo la "zimepanda kila sehemu" maana ndo wimbo wa madalali wote kwa mgeni, na ukishauamini basi bei yoyote utakayotajiwa utaona ya kawaida. Hazijapanda kila sehemu. Kuna maeneo yamepanda kweli tena kwa kasi, kuna maeneo bei imekaa palepale miaka kadhaa ila masharti ndo yamebadilika, na kuna maeneo mwenye nyumba anataja bei ya barabara ambayo bado haijafika mlangoni kwake.

Mbeya ina umbo la ajabu kidogo, sio mji wa duara kwamba katikati ni ghali afu ukienda nje inapungua pole pole. Mji mkongwe uko juu huko chini ya mlima Loleza: Uzunguni, Uhindini, Sisimba, Sokomatola. Ila maisha yenyewe yako chini kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, Uyole, Nanenane, Sae, Ilomba, Mama John, Soweto, Mwanjelwa, Mafiati, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, unaendelea mpaka Mbalizi ambayo kiutawala ni halmashauri nyingine lakini mpangaji wa Mbalizi anayefanya kazi mjini hajali mpaka uko wapi. Mji umejinyoosha kufuata lami. Kwaiyo ukiwa unauliza bei usiulize ni kilomita ngapi toka mjini, uliza ni dakika ngapi kwa mguu mpaka kwenye lami, na hiyo njia ya kutoka kwenye lami mwezi wa pili na wa tatu inapitikaje. Nyumba mbili zinazofanana kila kitu, moja mita mia mbili toka barabarani na nyingine kilomita moja na nusu ndani kwenye tope, hazina bei moja hata kama zote dalali anaziita Isyesye.

Sasa ukiangalia sensa, Jiji la Mbeya mwaka 2012 lilikuwa na watu 385,279, mwaka 2022 wakawa 541,603. Yani miaka kumi wameongezeka zaidi ya laki moja na nusu. Jiulize hao wameenda kukaa wapi. Uzunguni hawajaenda, viwanja vya kule vilishajaa zamani, ni vikubwa, vingi ni vya taasisi na nyumba za wakubwa, nyumba ya kupanga ikitokea inapita mkono kwa mkono hata kibao hakiwekwi. Uhindini majengo ni ya zamani na mengi chini yamekuwa maduka na ofisi. Watu wameenda pembeni, Isyesye, Itezi, Ituha, Iwambi, Igawilo, Kalobe, na ndo maana presha ya bei iko huko na kwenye barabara, sio kule juu ambako wewe ungetegemea. Kule juu ni ghali ndio, lakini ilishakuwa ghali siku nyingi na imetulia.

Nikulinganishie na kwenu utanielewa haraka. Uzunguni chukulia ni Gangilonga. Iyunga na Ikuti huku kwenye MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, chukulia ni Kihesa, wanafunzi ndo wanaoamua bei. Uyole ina tabia ya Ipogolo, mahali ambapo barabara kuu inakutana na watu na kila mtu anauza kitu, ila Uyole ni kubwa zaidi na hapo ndo njia ya Tukuyu na Kyela inapochepuka.

Kitu cha pili kinachotembeza bei ni nani anapanga pale, na hapa watu wengi huwa hawaangalii. Forest, laki 2 na nusu yako imetoka wapi? Forest ina maofisi, ina kampasi ya Mzumbe, wapangaji wengi wa vyumba viwili na vitatu ni watumishi na watu wa mashirika ambao wengine pango wanalipiwa. Mwenye nyumba wa Forest akiangalia mpangaji anaona ofisi nyuma yake, kwaiyo anataja bei ya ofisi. We ni muuguzi, mshahara unaingia tarehe inayojulikana, kwake ni mteja mzuri, atakutajia hiyohiyo. Hiyo laki 2 na nusu kama nyumba ina fensi, maji hayakatiki na kuna nafasi ya gari, sio wizi. Ila kama ni nyumba ya miaka ya nyuma iliyopigwa rangi juu na dari imeshikiliwa na maombi, hapo unalipia jina la Forest tu.

Vyuoni ni hadithi nyingine kabisa. MUST ikiwa chuo kikuu toka 2012, zamani ilikuwa chuo cha ufundi, wanafunzi wameongezeka na hosteli haziwezi kuwabeba wote, kwaiyo Iyunga na Ikuti kila mwenye ka-uwanja amejenga msururu wa vyumba. Chuo kikuu cha TEKU pale Block T hivyo hivyo kwa kiasi chake. Chumba kimoja cha masta maeneo haya kimepanda kuliko nyumba nzima, na hii ndo kitu ninachokiona Mbeya nzima sasa hivi: vyumba vidogo vinakimbia, nyumba kubwa zinatembea. Sababu iko wazi, familia yenye uwezo wa kupanga nyumba nzima ya vyumba vitatu na uwanja, hapa Mbeya huwa haikai kwenye kupanga muda mrefu, inajenga. Tofali za kuchoma ziko kila bonde, simenti inatengenezwa hapo Songwe haina haja ya kusafiri toka pwani, mtu na mshahara wake wa kawaida anaanza msingi mwaka huu, mwakani linta, mwaka unaofuata bati, na ikishapigwa bati tu anahamia hata kama madirisha kaziba na mabati. Wanaobaki kwenye soko la kupanga ni wanafunzi, vijana wa biashara Mwanjelwa na Kabwe, na wahamiaji kama wewe. Wawili wa kwanza wanataka chumba kimoja au chumba na sebule. Kwaiyo we unayetaka vyumba viwili una nguvu ya kuongea bei kuliko unavyodhani, mwenye nyumba ya vyumba viwili ikikaa tupu miezi miwili anaanza kuota jinamizi.

Haya twende Uyole, maana laki na 20 ndo inaonekana tamu.

Uyole imepanda, tena ndo mfano mzuri wa ninachosema kwamba kodi inafuata barabara. Toka ianze habari ya njia nne kutoka Uyole mpaka uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29, kila mwenye nyumba upande wa Uyole na Nsalaga na upande wa Iwambi huku mwisho mwingine anapiga hesabu ya lami. Na ni haki yake, barabara ikikamilika foleni ya malori pale katikati ikipungua, Uyole itakuwa karibu na mjini kuliko ilivyo leo. Lakini we hulipi kodi ya siku hiyo, unalipa kodi ya mwezi huu, na mwezi huu bado unakaa kwenye daladala nyuma ya lori la shaba. Hivyohivyo kwenye maji, ukisikia "hapa maji ya Kiwira yakija hatutakuwa na shida" ujue unauziwa mradi, uliza sasa hivi maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na usimuulize mwenye nyumba, muulize mama wa jirani anayefua.

Piga hesabu hii kwa nauli zako halisi ukifika, mi natumia mfano tu. Tuseme we na mumeo mkikaa Uyole kwa pamoja mnatumia elfu 4 kwa siku kwenda na kurudi, kwa siku 24 za kazi ni elfu 96. Jumlisha laki na 20, unapata laki 2 na elfu 16. Soweto tuseme mnatumia nusu yake, elfu 48, jumlisha laki na 80 unapata laki 2 na elfu 28. Ule utofauti wa elfu 60 uliouona kwenye simu umebaki elfu 12. Na we una shifti. Siku ukitoka usiku Rufaa kule kilimani, daladala za Uyole zimeshapungua, kuna kilomita kama kumi mbele yako, bajaji mara mbili tatu kwa mwezi na hiyo elfu 12 imekwisha, na hatujaongelea mtoto anaamka saa ngapi ili apelekwe shule. Kama mumeo biashara yake ingekuwa Uyole ningesema kitu kingine, soko la viazi na mazao lile linalisha watu wengi. Kama anatafuta kazi mjini basi Uyole kwa laki na 20 mi siioni kuwa rahisi.

Kwaiyo kwenye hizo tatu mimi ningeshika Soweto, ila sio kwa laki na 80 ya kwanza kutajwa. Soweto iko katikati ya kila kitu, Mwanjelwa soko lile pale, usafiri mpaka usiku, ubaya wake ni kelele na kubanana, nyumba zingine zimejengwa ukuta kwa ukuta mpaka dirisha la chumbani linaangalia choo cha jirani. Kabla hujakubali mwambie dalali akuoneshe na Ilomba, na Iyela kule Airport ya zamani (ndege zilihamia Songwe Desemba 2012 ila jina limegoma kuondoka), na Block T zile nyumba za ndani zisizotazama chuo. Haya ni maeneo ambayo madalali hawayatangulizi kwa mgeni kwa sababu mgeni hajawahi kuyasikia, Forest na Soweto zinajiuza zenyewe. Isyesye nayo ina apatimenti mpya nzuri, nne nne kwenye kiwanja kimoja, vigae, jipsamu, peving mpaka getini, na pale kuna kazi ya kuongea bei maana zimejengwa nyingi kwa wakati mmoja. Shida ni hiyo niliyosema mwanzo ya njia ya ndani. Nenda mvua ikiwa imenyesha.

Swali la kusubiri. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wanakaa gesti mwezi mzima wanangoja bei ishuke. Mbeya bei ya kodi haishuki kwa kutajwa, mwenye nyumba aliyezoea laki na 80 hawezi kukuambia laki na 50 hata chumba kikae na buibui, anaona ni aibu na wapangaji wengine wakisikia nao watataka. Kinachoshuka kirahisi ni masharti, bei yenyewe labda ukimpa hela ya pamoja. Badala ya miezi sita anakubali mitatu, anakuwekea simtanki, anakutolea mita yako ya umeme peke yako, anapaka rangi. Na masharti yanalegea zaidi mwezi wa saba mpaka wa tisa vyuo vikiwa vimefungwa. Oktoba na Novemba wanafunzi wakirudi usikanyage Iyunga wala Ikuti kutafuta nyumba, na hata za vyumba viwili zinaliwa maana wanafunzi wanne wanajiunga wanachukua nzima, wakigawana kila mmoja anatoa hela ndogo na mwenye nyumba anapata kuliko ambavyo familia ingempa. Kama uhamisho wako unakudondosha hapa miezi hiyo, tafuta mbali na chuo na usipoteze hela ya gesti kwa kusubiri.

Miezi sita mbele sasa. Kwa laki na 80 ni milioni 1 na elfu 80, weka na kodi ya mwezi mmoja anayochukua dalali inakuwa milioni 1 laki 2 na elfu 60, hela ya uhamisho yote imeishia hapo na bado hujanunua hata pazia. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwaiyo hakuna ofisi utakayoenda kulalamika kwamba kodi ni kubwa mno, kilichobaki ni makubaliano yenu na sheria ya ardhi ya 1999, na mkigombana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ambako watataka kuona karatasi. Maana ake mkataba wako ndo sheria yako. Ukilipa miezi mitatu kwanza unatoa laki 5 na 40 na ya dalali, unakaa, unaona maji, unaona jirani, unaona mwenye nyumba anapokea simu au hapokei. Akikataa kabisa mitatu, basi usimpe sita bure, mwambie nalipa sita kwa laki na 60, hapo unamkabidhi laki 9 na 60 mkononi na we umeokoa laki na 20. Wengi wanakubali, na siri yake ni kwamba wengi wao wanajenga nyumba nyingine sehemu, Isyesye au Iwambi, fundi anamngoja, bati zinamngoja, hela ya pamoja leo ina thamani kwake kuliko elfu 20 ya kila mwezi. Muulize tu kirafiki "baba, na wewe unajenga wapi?" utajua msimamo wako.

Kwenye mkataba andikisha vitu viwili hata kama mengine yote mtaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: kodi haipandi mpaka muda uliolipiwa uishe, na akitaka kupandisha atakupa taarifa miezi mitatu kabla. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Mwenye nyumba anayekasirika kwa kuombwa hivyo, muache.

Kuna jambo dogo la LUKU. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, nyumba ya kawaida ilianza elfu 1 kwa mwezi mwaka 2021 na toka 2023 ni 1,500, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Hilo ni deni la mwenye nyumba, sio lako, ila linakatwa kwa anayenunua umeme. Kwa mwaka ni elfu 18, sio nyingi, lakini mwambie mapema itoke kwenye pango. Na kama mita ni moja mnachangia kwa sabmita, uliza nani anasoma, uniti anauza shilingi ngapi, na anaruhusu shawa ya moto au haruhusu. Wa Iringa baridi haikutishi najua, ila mwezi wa sita na wa saba hapa, ukiwa umetoka shifti alfajiri, kuoga maji ya bomba ni adhabu, na kuna wenye nyumba wengi wanapiga marufuku hita kwa sababu ya bili.

Ukienda kuangalia nyumba gusa ukuta wa chini upande ambao jua halipigi. Nyumba nyingi huku ni za tofali za kuchoma, zile za bondeni zisizowekewa vizuri kizuizi cha unyevu kwenye msingi zinanyonya maji toka Novemba mpaka Mei, utaona rangi imefanya malengelenge au wameficha kwa kabati, na mtoto mdogo kwenye chumba cha hivyo utakuwa unamuuguza kazini na nyumbani. Nyumba ya unyevu hata kwa laki moja usiichukue. Afu rudi tena mtaa huohuo saa mbili usiku peke yenu bila dalali, hesabu vyumba vyenye taa. Zikiwa giza nyingi kwenye jengo moja jipya, mwenye nyumba anajua kuwa na wewe umejua, kesho yake ongea bei.

Hela ya kutembezwa wanayodai madalali kabla hujaona nyumba, elfu 10 elfu 20, mpe mmoja tu, usiwape watatu, maana orodha yao ni ileile wanatumiana kwa simu na utapelekwa nyumba moja mara tatu kwa majina tofauti. Ile ya mwezi mmoja ya dalali usimpe mpaka ufunguo uwe mkononi kwako na mkataba umesainiwa na mwenye nyumba mwenyewe, sio mpwa wake, sio mpangaji anayehama. Ukishapata mbili tatu zilizokuvutia nitumie picha za ukuta wa chini, za mita, na umbali toka kwenye lami, nitakuambia ya kuanzia kutaja.